Likizo ya meli ya kitalii katika Bahari ya Hindi: je, inastahili gharama yake?

Kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi mwezi Machi au Aprili, meli kubwa za kitalii huonekana katika bandari za Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam, zikiwa njiani kuelekea Ushelisheli, Madagaska, Mauritius, Msumbiji au Afrika Kusini. Watu wa pwani wamezizoea kama wageni wa kutwa: huingia alfajiri, huteremsha abiria kwa mamia au maelfu, na jua linapotua huwa zimekwishang'oa nanga. Wapo pia wakazi wa Afrika Mashariki wanaojiuliza kama nao wapande meli hizo.

Kwa familia ya kipato cha kati, safari ya wiki moja kwa meli inaweza kumaliza akiba ya mwaka mzima au zaidi. Makala haya yanaeleza abiria hununua nini hasa, gharama zipi hazionekani katika tangazo, hatari zipi zimewahi kutokea katika maji ya nchi jirani, na ni msafiri wa aina gani anayeweza kurudi nyumbani akiwa ameridhika.

Hoteli inayotembea

Meli ya kitalii haimsafirishi abiria ili afike mahali fulani. Mara nyingi safari huishia katika bandari ileile ilikoanzia. Kinachouzwa ni malazi, chakula, burudani na nafasi ya kupitia bandari kadhaa bila kufungasha mizigo kila asubuhi. Meli ya Icon of the Seas, iliyoanza safari yake ya kwanza ya abiria kutoka Miami, Marekani, tarehe 27 Januari 2024, inaonyesha mtindo huu umefika wapi: ina urefu wa takriban mita 365 na sitaha 20, na inaweza kubeba abiria wapatao 7,600 na wafanyakazi 2,350. Meli zinazofika katika bandari za Afrika Mashariki ni ndogo kuliko hiyo, lakini zimejengwa kwa fikra ileile, kwamba abiria atumie muda wake mwingi na fedha zake nyingi akiwa ndani ya meli.

Jiografia ya Bahari ya Hindi huizidisha hali hiyo. Katika bahari ya Mediterania, meli inaweza kuondoka Barcelona jioni na kuamkia Marseille, kwa hiyo abiria huona mji mpya karibu kila siku. Kutoka Mombasa hadi kisiwa cha Mahé, Ushelisheli, ni takriban kilomita 1,700. Meli inayokwenda mwendo wa maili 18 za baharini kwa saa huhitaji zaidi ya siku mbili kuukata umbali huo. Safari ya wiki moja au mbili katika eneo hili huwa na siku kadhaa za bahari tupu, ambazo burudani yake ni bwawa la kuogelea, ukumbi wa michezo na meza ya chakula. Wapo wanaoziita siku hizo mapumziko ya kweli, na wapo wanaochoka ifikapo siku ya pili.

Bandarini nako muda ni mfupi. Meli inayofunga gati Mombasa saa moja asubuhi na kuondoka saa kumi na moja jioni inampa abiria saa kumi kwa hesabu ya karatasi. Taratibu za kushuka, na sharti la kurejea mapema kabla ya meli kuondoka, huzipunguza. Anayechagua kwenda kuona tembo wa Tsavo Mashariki, ambako lango la karibu liko takriban kilomita 100 kutoka mjini, hutumia sehemu kubwa ya siku yake barabarani. Anayebaki mjini ataitembelea Ngome ya Yesu, iliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2011, na kupita katika vichochoro vya Mji wa Kale.

Zanzibar hali ni hiyohiyo. Abiria huupita Mji Mkongwe kwa haraka, na meli inayoondoka mapema jioni humrudisha chumbani kabla ya wauzaji wa Forodhani kuwasha majiko yao ya usiku. Mkazi wa Dar es Salaam anayepanda boti ya kasi hufika Unguja kwa takriban saa mbili, na kwa sehemu ndogo ya nauli ya meli ya kitalii anaweza kulala huko siku tatu.

Bei ya tangazo na bei ya mwisho

Nauli inayotangazwa kwa kawaida ni ya mtu mmoja katika chumba cha watu wawili, na mara nyingi ni ya chumba cha ndani kisicho na dirisha. Anayesafiri peke yake hutozwa nyongeza, ambayo kwa kampuni nyingi inaweza kufikia nauli nzima ya mtu wa pili. Juu ya nauli huongezwa kodi na ada za bandari.

Gharama inayowashangaza wengi ni bakshishi. Katika meli za kampuni nyingi za Marekani, bakshishi haiachwi kwa hiari ya abiria kama ilivyo katika mkahawa. Huingizwa moja kwa moja katika hesabu ya chumba, kwa kiwango cha takriban dola 16 hadi 20 kwa mtu kwa siku. Kwa mume na mke katika safari ya siku saba, hiyo ni dola 224 hadi 280, na watoto wenye umri wa kulala kitandani hutozwa pia. Vinywaji, intaneti, mikahawa maalumu, huduma za saluni na picha hulipiwa kando. Matembezi ya bandarini yanayouzwa na meli nayo kwa kawaida huwa ghali kuliko yale yanayopangwa moja kwa moja na waongoza watalii walioko nchi kavu.

Kwa mkazi wa Afrika Mashariki kuna mzigo mwingine, nao ni kufika ilipo meli. Njia iliyo karibu zaidi kwa wengi ni Durban, Afrika Kusini, ambako kampuni ya MSC huendesha safari za siku chache katika msimu wa kiangazi cha kusini. Baadhi ya safari hizo huelekea Msumbiji, katika kisiwa kiitwacho Portuguese Island karibu na ghuba ya Maputo, au katika fukwe za Pomene mkoani Inhambane. Safari yenyewe inaweza kuwa na bei ya wastani, lakini tiketi ya ndege ya kwenda na kurudi, pamoja na usiku mmoja wa hoteli kabla ya kupanda meli, huweza kukaribia au kuzidi nauli hiyo.

Hati za kusafiria nazo zinahitaji uangalifu. Wakenya na Watanzania wanaweza kuingia Afrika Kusini bila viza kwa ziara za muda mfupi, lakini meli ikigusa nchi nyingine, masharti ya nchi hiyo nayo huhesabika, na cheti cha chanjo ya homa ya manjano hudaiwa kwa wanaotoka katika nchi zenye hatari ya ugonjwa huo. Anayetaka safari ya Mediterania atahitaji viza ya Schengen inayoruhusu kuingia zaidi ya mara moja iwapo meli itatoka nje ya eneo hilo na kurudi. Anayepandia Miami atahitaji viza ya Marekani hata kama lengo lake ni visiwa vya Karibi pekee. Abiria asiye na hati kamili hukataliwa kupanda, na kwa kawaida harudishiwi nauli.

Pepo za msimu na vimbunga

Msimu wa meli za kitalii katika eneo hili unafuata kalenda ambayo mabaharia wa Waswahili wameijua kwa karne nyingi. Kaskazi, unaovuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, huleta bahari tulivu zaidi katika pwani ya Kenya na Tanzania. Kusi, unaotawala katikati ya mwaka, huinua mawimbi na kuifanya safari kuwa ya taabu kwa asiyezoea bahari.

Hata hivyo, miezi hiyo ya utulivu katika pwani hii ndiyo miezi ya vimbunga upande wa kusini. Kimbunga Idai kiliipiga Beira, Msumbiji, Machi 2019. Kimbunga Freddy kilizikumba Madagaska, Msumbiji na Malawi kati ya Februari na Machi 2023. Kimbunga Chido kiliiharibu vibaya Mayotte tarehe 14 Desemba 2024. Meli za kisasa hupata taarifa za hali ya hewa mapema na hukwepa njia ya kimbunga, kwa hiyo kinachomkabili abiria zaidi ni kubadilishwa kwa ratiba. Bandari aliyoisubiri huachwa, na badala yake huongezwa siku ya baharini. Katika maeneo kama Pomene, ambako abiria hufikishwa ufukweni kwa mashua ndogo, hata mawimbi ya kawaida yanaweza kuzuia watu kushuka.

Matukio yaliyotikisa eneo hili

Ajali kubwa za meli za kitalii ni chache ukilinganisha na idadi ya safari. Hata hivyo, Bahari ya Hindi imeshuhudia matukio yanayofaa kukumbukwa.

Tarehe 4 Agosti 1991, meli ya Oceanos ilizama katika pwani ya mashariki ya Afrika Kusini. Watu wote 571 waliokolewa, baadhi yao kwa helikopta, lakini tukio hilo liliacha aibu: wasanii wa burudani waliokuwa kazini melini walichukua jukumu kubwa la kuongoza uokoaji, huku nahodha na baadhi ya maofisa wakilaumiwa kwa kuondoka kabla ya abiria wote.

Tarehe 27 Februari 2012, moto uliwaka katika chumba cha jenereta cha Costa Allegra, ikiwa safarini kutoka Madagaska kwenda Ushelisheli na watu zaidi ya 1,000. Hakuna aliyeumia, lakini meli ilibaki ikielea bila umeme katika joto la ikweta, na abiria wengi walilazimika kulala sitahani. Meli ya uvuvi ya Ufaransa iliikokota hadi Mahé, ambako iliwasili tarehe 1 Machi. Wiki sita tu kabla ya hapo, Costa Concordia, ya kampuni hiyohiyo, ilikuwa imegonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, na watu 32 walifariki. Baada ya msiba huo kanuni za kimataifa zilibadilishwa, na tangu Januari 2015 zoezi la kuwafundisha abiria namna ya kujiokoa ni lazima lifanyike kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka.

Uharamia nao uliwahi karibu kuifunga biashara hii. Novemba 2005, Seabourn Spirit ilishambuliwa kwa roketi na bunduki katika pwani ya Somalia. Aprili 2009, maharamia waliifuata MSC Melody kaskazini mwa Ushelisheli, ikiwa na watu wapatao 1,500. Walinzi walifyatua risasi, na abiria waliwarushia maharamia viti na meza hadi wakarudi nyuma. Katika miaka iliyofuata, kampuni nyingi ziliiondoa Mombasa katika ratiba zao.

Hali ilipotulia, mashirika ya meli yalilifuta rasmi eneo la hatari kubwa katika Bahari ya Hindi tarehe 1 Januari 2023. Lakini kuanzia Novemba mwaka huo, mashambulizi ya Wahouthi wa Yemen katika Bahari ya Shamu yalizilazimisha kampuni nyingi za kitalii kuacha njia ya Suez au kuzunguka Afrika yote, na uharamia wa Kisomali ukajitokeza tena. Anayenunua safari inayopita kaskazini mwa Kenya anapaswa kufahamu kwamba njia iliyoandikwa katika tangazo inaweza isiwe njia itakayofuatwa.

Afya ndani ya meli

Watu wengi wanaokula na kulala pamoja ni rahisi kuambukizana. Mwezi Februari 2020, Diamond Princess iliwekwa karantini Yokohama, Japani, na kati ya watu takriban 3,700 waliokuwamo, zaidi ya 700 waliambukizwa virusi vya korona. Maradhi ya kutapika na kuharisha yasababishwayo na virusi vya noro ndiyo yanayotokea mara kwa mara zaidi, na kunawa mikono kwa sabuni ni kinga bora kuliko dawa ya kupaka ya kileo, ambayo haiviui vizuri virusi hivyo.

Tukio la karibu zaidi na eneo hili lilitokea Februari 2024. Norwegian Dawn, ikiwa na abiria zaidi ya 2,000, ilizuiwa kutia nanga Port Louis, Mauritius, kwa hofu ya kipindupindu baada ya baadhi ya abiria kuugua tumbo. Vipimo vilionyesha kuwa hapakuwa na kipindupindu, lakini wakati huo wengi walikuwa wamekwishakosa ndege zao.

Zahanati ya meli hutoza abiria, na mgonjwa mahututi anaweza kuhitaji kusafirishwa kwa ndege hadi hospitali ya nchi kavu. Bima ya afya ya nyumbani kwa kawaida haigharimii uokoaji wa aina hiyo. Bima ya safari inayotaja wazi uokoaji wa kitabibu baharini haifai kuachwa ili kupunguza gharama.

Mkataba ambao wachache huusoma

Tiketi ya meli ni mkataba mrefu. Kwa kawaida humpa nahodha haki ya kubadilisha njia au kuacha bandari bila fidia, isipokuwa kurudisha ada za bandari iliyoachwa. Meli nyingi zimesajiliwa chini ya bendera za Bahamas, Panama, Bermuda au Malta, na mkataba huweza kutaja mahakama ya nchi ya mbali kuwa ndiyo pekee yenye mamlaka. Mwaka 1991, Mahakama Kuu ya Juu ya Marekani iliamua kwamba abiria wa jimbo la Washington aliyeumia melini alifungwa na sharti la tiketi yake, na alipaswa kufungua kesi Florida, upande wa pili wa nchi. Kwa mkazi wa Tanga au Kisumu, sharti la aina hiyo laweza kuifanya haki iwe ya kwenye karatasi tu.

Mkataba pia hauna huruma kwa anayechelewa. Mwezi Machi 2024, abiria wanane wa Norwegian Dawn waliokwenda matembezi ya binafsi huko São Tomé walikuta meli haiwezi tena kuwapokea. Walilazimika kupita nchi kadhaa kwa gharama zao kabla ya kuifikia meli Dakar, Senegal. Matembezi yanayouzwa na meli ni ghali, lakini basi lake likichelewa, meli kwa kawaida husubiri.

Bandari na wafanyakazi hupata nini

Mgeni wa hoteli hula, hulala na kupanda teksi kwa siku kadhaa. Abiria wa meli hushuka ameshiba na hurudi kulala melini. Faida kwa mji hutegemea ada za bandari, matembezi na manunuzi ya saa chache. Miji mingine imeona hesabu hiyo hailipi: Venice ilizipiga marufuku meli kubwa kupita katikati ya mji kuanzia Agosti 2021. Pwani ya Afrika Mashariki, yenye meli chache kwa msimu, bado iko mbali na msongamano huo, na Kenya imejenga kituo cha kisasa cha abiria Mombasa ili kuzivutia zaidi.

Gharama nyingine huangukia bahari. Kanuni za kimataifa huruhusu meli kumwaga maji taka ya vyooni yasiyosafishwa ikiwa zaidi ya maili 12 za baharini kutoka nchi kavu, maadamu inatembea. Kampuni nyingi husema zina mitambo bora kuliko sharti hilo. Msafiri anayejali anaweza kuuliza kabla ya kulipa.

Wahudumu wa melini, miongoni mwao vijana wa Kiafrika wanaozidi kuomba kazi hizo, hufanya kazi kwa mikataba ya miezi mingi bila siku kamili ya mapumziko. Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006 unaweka ukomo wa saa 72 za kazi kwa wiki, na unakataza mtafuta kazi kutozwa ada ya kuajiriwa.

Inamfaa nani?

Likizo hii humfaa zaidi anayependa bahari na meli yenyewe. Huwafaa pia wazee na watu wenye ugumu wa kutembea, wasioweza kuhama hoteli kila siku, na familia kubwa inayotaka kila rika lipate shughuli yake huku wote wakikutana mezani. Kwa hawa, siku za bahari tupu si hasara.

Anayetaka kuijua Zanzibar, Lamu, Mahé au Inhambane hatapata alichokitafuta. Kwa fedha hizohizo anaweza kukaa kisiwani wiki nzima, kula kwa mama lishe na kuzungumza na wenyeji, na fedha yake itabaki mikononi mwao. Wala haimfai anayelazimika kukopa, kwa kuwa bei ya mwisho haijulikani hadi siku ya kushuka.

Kabla ya kulipa, msafiri ajiulize yafuatayo:

Jumla ni kiasi gani kwa siku, baada ya kuongeza ndege, viza, bima, bakshishi na matembezi? Kiasi hicho kilinganishwe na hoteli nzuri ya nchi kavu.

Ni saa ngapi hasa za kuwa bandarini, na ni siku ngapi za baharini?

Kampuni hurudisha nini ikiwa bandari itaachwa au safari itafutwa?

Bima inalipia uokoaji wa kitabibu baharini?

Je, chakula cha halali au cha masharti ya daktari kinapatikana, na kiombwe siku ngapi kabla?

Anayeweza kuyajibu maswali haya kwa maandishi kutoka kwa wakala wake, na bado akaiona bei kuwa ya haki, ana sababu nzuri ya kupanda. Wakala asipotoa majibu hayo, ni salama zaidi kuiacha akiba hiyo benki hadi msimu mwingine wa kaskazi.